Injini ilifunguliwa, na nimeliuza gari hivyohivyo

Nilipompigia mjomba Dar kumwambia nimeuza Nova yangu, hakuuliza bei kwanza. Aliuliza, "Na ulimwambia injini ilifunguliwa?" Nikamjibu nilimwambia, tena risiti nikampa. Akanyamaza kidogo. "Na akanunua?"

Alinunua, mjomba. Swali lako ndilo lililonikosesha usingizi.

Gari lenyewe ni Chevrolet Nova ya mwaka 1970, milango miwili. Kiwandani lilitoka gari la kawaida; mikononi mwangu na mwa mzee aliyeniuzia likawa la mbio za kunyooka: robo maili, kama mita 402, magari mawili ubavu kwa ubavu, taa ya kijani ikiwaka mnaondoka. Injini V8 ya inchi za ujazo 454, giaboksi ya gia mbili tu, difu ya Ford ya inchi 9, tairi za nyuma pana na laini zisizo na kashata, na ndani nguzo za chuma za kumlinda dereva. Siku yake nzuri kuliko zote, pale National Trail Raceway, Hebron, si mbali na ninapoishi Columbus, Ohio, lilimaliza kwa sekunde 10.62.

Gari la namna hii huwezi kuliuza kwa maneno ya kwetu. Tangazo la kwetu mnalijua: injini haijaguswa, haidaiwi, nunua weka mafuta, maongezi yapo. Hilo "haijaguswa" ndilo linalobeba bei, kwa hiyo aliyefungua injini anaficha. Anaiosha mpaka inang'aa, anatia oili nzito isisikike kugonga, anamwomba Mungu mnunuzi asije na fundi makini. Kaka yangu alinunua Toyota GX100 kwa mtindo huo. Mwezi wa pili injini ikamfia njiani, karibu na Chalinze, usiku, yuko na watoto. Aliyemuuzia si jambazi. Ni baba wa familia, aliogopa kwamba akisema kweli atakatwa milioni mbili. Hapo ndipo panaponiuma: mtu ametoa pesa yake, amemtafuta fundi mzuri, gari limepona, halafu soko linamlazimisha aone aibu.

Kwenye magari ya mbio huku, mnunuzi anajua toka mwanzo kwamba kila kitu kimeguswa. Anataka kujua nani alikigusa, lini, na kwa vipimo gani. Nina daftari la misimu sita. Kila mbio ikiisha unapewa karatasi ndogo: umechelewa kiasi gani kuondoka, futi 60 za kwanza umetumia sekunde ngapi, mwisho ulikuwa na kasi gani. Nimezibandika zote, pembeni nikaandika joto la siku hiyo, unyevu wa hewa na upepo wa tairi. Ukurasa mmoja wa Agosti uko kwa kalamu nyekundu: beringi ya kondrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) imezunguka, imetafuna kranki, injini imeshushwa.

Mnunuzi alikuja na kijana wake. Salamu hazijaisha, kiganja chake kilikuwa tayari kwenye bomba la ekzosi, kuhakikisha sijaipasha injini moto kabla hajafika, maana ikishapata moto huweza kuficha kasoro. Kisha akaomba tuvue filta ya oili. Akaikata, akakunjua ile karatasi ya ndani yenye marinda kama sketi ya shule, akaipitisha juani rinda kwa rinda akitafuta vumbi la chuma. Safi. Ndipo akakalia ndoo, akafungua daftari, na ukurasa wa Agosti akausoma kwa muda mrefu kuliko kurasa zote. Akauliza saizi ya beringi mpya. Nikampa risiti. Bei hakuigusa.

Pesa niliyotia haikurudi yote, na nilijua haitarudi. Wanaopenda magari ya zamani hulipa zaidi wakikuta injini ileile ya kiwandani, namba zake zikilingana na za gari. Mimi nilishakata bodi ya nyuma ili tairi pana ziingie.

Lakini makabidhiano ya huku ni makavu. Mthibitishaji wa sahihi, sahihi kwenye hati, dakika kumi, basi. Nikafungua namba zangu, maana Ohio namba hubaki kwa muuzaji, gari likapanda trela, wakaondoka. Kwetu mauziano yana watu: fundi, dalali, wakili, mjomba kama shahidi, soda zinaletwa. Miezi sita baadaye unampigia aliyekuuzia kumuuliza fyuzi ya taa iko wapi, na anapokea. Hilo silibadilishi na lolote. Ninachotaka ni watu haohao, meza hiyohiyo, na daftari liwe juu yake. Mafundi wetu wanafungua injini kwa ujuzi mkubwa, mara nyingi kwa vifaa vichache. Mwenye gari na aandike tarehe, kilomita, spea zilizowekwa na jina la fundi. Daftari la shule linatosha.

Mjomba ana Toyota Mark II anayotaka kuiuza. Injini yake ilifunguliwa mwaka juzi. Jana usiku amenitumia picha: risiti tatu za spea, zimeanza kufifia, amezipanga juu ya boneti na kuzikandamiza kwa spana.