Kidole Changu Ukutani

Nilikuwa nyuma ya ukumbi, karibu na masufuria, firigisi ya pili mdomoni, mtoto wa dada yangu alipokuja mbio akaniambia, "Anko, kidole chako kiko ukutani."

Nikaviangalia vidole vyangu vya mikono. Vyote kumi vilikuwepo, vinang'aa mafuta.

"Kidole kipi?"

"Cha mguu. Kile kibaya."

Firigisi ikakataa kushuka.

Mimi ugonjwa wangu ni slaidi. Wenzangu wana mpira, wengine wana bao la jioni chini ya mwembe. Mimi nipe picha mia na wimbo mmoja, usiku huo silali. Nilianza 2008 kwenye kompyuta ya ofisini baada ya saa za kazi, na Windows Movie Maker, ile programu iliyokuwa inakuja bure na Windows. Siku hizo nilikuwa mshamba wa kutupwa. Kila picha lazima iingie na mbwembwe zake: hii inaviringika, hii inapasuka kama kioo, hii inatokea ndani ya nyota. Shemeji yangu mmoja alitazama slaidi ya kipaimara cha mwanawe, katikati akaomba maji ya kunywa na kiti chenye mgongo. Picasa ya Google ikafa 2016, Movie Maker ikafuata 2017, na nilizililia zote mbili. Lakini nilikuwa nimeshakua. Siku hizi picha yangu inakaa sekunde tano, inayeyuka taratibu ndani ya inayofuata, basi. Uso wa mtu haviringishwi.

Sasa, baba mkubwa na mama mkubwa walifunga ndoa Morogoro tarehe 24 Agosti 1974, Jumamosi. Mwaka 2024 tarehe hiyo hiyo ikaangukia Jumamosi tena, ukoo mzima ukasema hiyo ni ishara, na ukoo ukishaona ishara huunda kamati. Mimi nikawa katibu msaidizi, yaani mbeba viti. Nikaahidi 200,000. Baadaye, mfuko ulivyonisuta, nikamwambia Shangazi, ambaye ndiye mhazini, kwamba mchango wangu utakuwa slaidi. Akanitazama juu ya miwani, akaandika kitu kwenye daftari lake. Sikuona alichoandika.

Kukusanya picha kulinichukua miezi miwili. Picha za zamani usizipige na flashi, zinarudisha mwanga wote machoni; ziweke dirishani pasipofika jua, upige kutoka juu kabisa. Nilizipiga za mama mkubwa moja moja. Kulikuwa na za studio, nyuma yao pazia lenye maua ya kuchora, baba mkubwa kavaa bugaluu linalofagia sakafu na raizoni zilizompa urefu ambao Mungu hakumpa. Kulikuwa na moja ya 1972, mama mkubwa kavaa kimini. Aliishika muda mrefu.

"Hii usiiweke, mwanangu. Mwaka 69 ningeonekana hivi Dar, vijana wa TANU wangenitoa mbio."

Hakuwa anatania. Operesheni Vijana ilipiga marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana, na kuna dada zetu walishushwa kwenye mabasi. Nikamwahidi sitaiweka. Niliiweka.

Ndugu wa mbali ndio walionizeesha. Ukimwambia mtu akutumie picha kwa WhatsApp, inafika imenyongwa, haifai kwa ukuta wa ukumbi. Unamwambia, tuma kama dokumenti. Anakutumia picha ya albamu, na kidole gumba chake, na kitambaa cha meza, na nusu ya chai. Halafu WhatsApp inaipa picha jina la siku iliyotumwa, haina habari ilipigwa lini. Jaribio la kwanza nilizipanga kwa majina, nikakaa na mke wangu tutazame. Bibi akazikwa, akafufuka, akacheza kwenye harusi, akazikwa tena.

Mwishowe nikabaki na picha 112. Sekunde tano kila moja, dakika tisa na sekunde 20. Huo ndio urefu wa slaidi ya heshima. Ikizidi hapo watu wanaanza kutafuta wahudumu wa soda kwa macho.

Hapa ndipo nilipojichimbia shimo, na nilichimba mara tatu. Kwanza, kwa uvivu, nilimwaga picha zote za simu yangu kwenye folda ya picha ya laptopu, zote, elfu nne na kitu, nikisema nitachambua humo humo. Pili, nyumbani kwangu nilikuwa nimewasha skrinseva, ile kazi ya kompyuta kwamba ikikaa dakika kumi bila kuguswa inaanza kuonyesha picha zako yenyewe. Niliiweka kwa ajili ya wageni. Nikachagua mwendo wa taratibu, ili wafaidi. Tatu, asubuhi ya sherehe niliiambia laptopu isizime kioo kamwe, kisije kikalala katikati ya slaidi. Nikajiona fundi. Skrinseva haikunijia hata akilini.

Slaidi ilikwenda vizuri mno. Nasema bila kujisifu, ingawa najisifu. Bugaluu lilishangiliwa kama goli. Kimini kilipotokea akina mama walipiga vigelegele mpaka mama mkubwa mwenyewe akafunika uso kwa kanga huku anacheka. Kwenye picha ya Bibi, ukumbi ulinyamaza. Mpishi mkuu, aliyekuwa amechungulia mlangoni na mwiko wake, alilia, na ilipoisha akanivuta mkono twende nyuma, kwamba mtu kama mimi hawezi kungoja foleni. Nikachomoa kile kipanya kisicho na waya nikakitia mfukoni, watoto wasije wakakichezea. Laptopu nikaiacha pale mezani, imeunganishwa na projekta, ukuta mweusi.

Laptopu ikasubiri dakika zake kumi, kwa adabu zote.

Yaliyofuata nimesimuliwa na watu wasiopungua ishirini, na kila mmoja anaongeza chumvi, lakini mfuatano wao unalingana.

Ya kwanza ilikuwa mita yangu ya umeme, ile ya LUKU. Huwa naipiga picha nisisahau namba. Watu wakatulia, wakidhani ni sehemu ya pili. MC naye alikuwa amesimama katikati, anamngoja mwenyekiti wa kamati apande kutoa shukrani, na MC wa Kibongo hawezi kuona kitu ukutani akanyamaza, amelipwa. Akasema, "Ndugu zangu, ndoa ni mwanga! Miaka 50, umeme haujakatika!" Makofi.

Ya pili ndiyo kidole. Mwezi wa tano kucha ya dole gumba la kushoto iliingia ndani ya nyama, nikaipiga picha kwa karibu sana nimtumie mtu wa duka la dawa. Picha ni nzuri, mwanga wa dirishani, imekaza kila kitu. Kwenye ukuta ule ilikuwa na kimo cha mtu mzima. Kuna mtoto alilia. MC akameza mate, kisha akapaza sauti: "Na huu, ndugu zangu, ndio mguu wa bwana harusi! Mguu uliotembea miaka 50, jua na mvua, kwa ajili ya familia! Simameni tuupigie makofi!"

Wakasimama. Watu zaidi ya 200 waliusimamia mguu wangu.

Ya tatu nilikuwa mimi Kigamboni, mbele yangu samaki mzima wa kukaanga, nimenyanyua kidole juu. Kamera yangu huandika tarehe pembeni, kwa sababu mtu wa slaidi asiyejua tarehe ya picha ni sawa na mvuvi asiyejua upepo. Iliandika 14/07/2024. Hiyo ilikuwa Jumapili ya kikao kikubwa cha kamati, ambacho nilituma udhuru kwamba malaria imenilaza. Katibu mwenyewe alisema, kwa sauti ya kusikika meza tatu, "Malaria ya samaki."

Hapo mwenyekiti akapanda. Ni mzee wa kujipanga, alikuwa na karatasi, na ukuta ulikuwa nyuma yake. Akaanza: "Kwa namna ya pekee, napenda kuwashukuru wote waliotimiza ahadi zao."

Nyuma yake likafunguka daftari la Shangazi.

Alinitumia ukurasa ule wiki moja kabla, nimsaidie kujumlisha. Mwandiko wake ni wa mwalimu mstaafu, hata asiye na miwani anausoma. Majina, ahadi, kilicholipwa, na safu ya mwisho imeandikwa "Maelezo". Safu hiyo Shangazi aliijaza kwa moyo mweupe, akijua anaisoma yeye na Mungu. "Anasema mwisho wa mwezi, hasemi mwezi gani." "Huyu tumwombee." "Simu inaita, anapokea mtoto, anasema baba kasema hayupo." Juu kabisa: Mwenyekiti, ahadi 500,000, amelipa 50,000, "aliomba risiti ya 500,000."

Mwenyekiti aliposikia ukumbi unaguna, akadhani hotuba imewagusa. Akarudia sentensi.

Kijana wa muziki alikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye laptopu. Kitufe chochote kingetosha. Walipompigia kelele afanye kitu, akainua mikono juu: "Mimi ni wa sauti tu."

Basi Mjomba wa Kihonda akaamua kuokoa jahazi. Ni mtu mpana, na siku hiyo alivaa Kaunda suti nyeupe pee. Hakwenda kwenye projekta. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akasimama mbele ya daftari, mikono ameitandaza kama kipa. Ukuta wa ukumbi ule ni wa kijani kilichopauka. Kaunda suti ilikuwa nyeupe. Maandishi yakaonekana vizuri kuliko mwanzo. Na kwa kuwa Mungu naye hupenda utani, mstari uliokaa sawasawa kifuani pake, kati ya mfuko na mfuko, ulikuwa wa kwake: "Mjomba wa Kihonda, 300,000, amelipa 0, anakwepa njia."

Yeye hakuweza kujisoma. Aliuona ukumbi mzima unamtazama kifua huku unalia kwa kucheka, akazidi kujitandaza.

Mimi niliingia hapo. Niliona kwanza mgongo wa mwenyekiti, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amegeuka, kisha kifua cha Mjomba, kisha, chini kidogo, usawa wa goti lake la kulia, jina langu. "200,000, amelipa 0, anasema mchango wake ni slaidi."

Kipanya mfukoni nilikisahau kabisa. Niliruka mpaka mezani, vidole vya mafuta, nikapiga kitufe kirefu cha chini. Skrinseva ikatoka. Kwa hofu nikakipiga tena, na kile kitufe ukikipiga video iko tayari, inacheza. Muziki ukaanza upya, na bwana na bibi harusi wa 1974 wakatokea taratibu, wakiyeyuka kutoka gizani, juu ya tumbo la Mjomba wa Kihonda.

Ukumbi ukapiga makofi. Mpaka leo kuna watu wa Dumila wanaoamini ilipangwa.

Shangazi hakunigombeza. Alikaa na simu yake mapajani mpaka chakula kinakwisha, na kila baada ya muda ilikuwa inalia mlio wa pesa kuingia. Mwenyekiti alituma akiwa bado amesimama jukwaani; wanasema alisoma aya ya mwisho ya shukrani kwa mkono mmoja. Mjomba alituma 300,000 na ya kutolea. Nilipopita karibu, Shangazi alinyoosha kiganja bila kuniangalia, na mke wangu, aliyejua akiba yangu ilipo kuliko ninavyojua mimi, alikuwa ameshafungua pochi.

Niliogopa meza kuu. Nilikwenda mwisho kabisa, watu wakiwa wanacheza, nikapiga goti kwa mama mkubwa.

"Shikamoo mama mkubwa. Naomba unisamehe."

"Marahaba. La kimini tutalizungumza nyumbani." Akanivuta karibu. "Ule mguu si wa mume wangu. Miaka 50 naukatia kucha, naujua. Wa nani?"

"Wangu, mama."

"Umeupaka nini?"

"Dawa ya dukani."

"Ndiyo maana. Jumatatu uje, nitakuchemshia maji ya chumvi." Akageuka kumtazama baba mkubwa, ambaye miwani aliiacha nyumbani tangu asubuhi, na sasa alikuwa katikati ya ukumbi, anacheza, anautanguliza mguu wa kushoto mbele watu wauone. "Na yeye usimwambie kitu. Tangu walipomsimamia, hajalalamika magoti."