Binti wa Kisumu na tenisi ya wawili wawili

Jumamosi iliyopita, kwenye viwanja vya Nyanza Club hapa Kisumu, mama mmoja aliniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria. Binti yake ana miaka 14. Akicheza peke yake hushindwa mara nyingi. Akipewa mwenzake, hashikiki: anausoma mpira mapema, anaukata wavuni kabla haujadunda, na kila pointi ikiisha anamwendea mwenzake wapange inayofuata. Kocha amewashauri waachane na mchezo wa mmoja mmoja, ajikite kwenye wawili wawili. "Mwalimu, kuna mtu anaishi kwa hiyo kweli?"

Wapo, na mmoja wao ni wa bara hili. Cara Black alizaliwa Harare mwaka 1979, akalelewa shambani ambako baba yake alikuwa ameotesha viwanja vya nyasi kwa ajili ya wanawe. Akicheza peke yake, nafasi ya juu kabisa aliyofika duniani ni ya 31. Akiwa na mwenzake alitwaa mataji 60 ya wawili wawili ya wanawake, yakiwemo 3 ya Wimbledon, na akaongoza orodha ya dunia kwa wiki 163. Hakuwa na mwili mkubwa wala mpigo wa kutisha. Alikuwa na mikono myepesi na jicho la kujua mpinzani ataupeleka wapi mpira.

Hapo ndipo ninapowapinga wanaosema mchezo huu ni kimbilio la walioshindwa. Uwanja unapanuliwa kutoka mita 8.23 hadi 10.97, lakini watu wanne wanaujaza, na mwanya unaobaki ni mdogo kuliko ule wa mmoja mmoja. Nguvu peke yake haifui dafu. Mtazame Hsieh Su-wei wa Taiwan, anayeshika raketi kwa mikono miwili pande zote. Anaudokoa mpira, anaupitisha juu ya vichwa vya walio wavuni, anaupunguza kasi pale wenzake wangeupiga kwa hasira. Alishinda taji la wawili wawili la Australian Open mwaka 2024 akiwa na miaka 38, umri ambao wengi wa mmoja mmoja wameshatundika raketi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa US Open ya 2025. Waandaaji waliubadilisha mchezo wa mseto wa wanawake na wanaume ili wapate nafasi ya kuwaonyesha nyota wa mmoja mmoja, zawadi ikawa dola milioni 1. Waliotwaa taji ni Sara Errani na Andrea Vavassori wa Italia, mabingwa watetezi na mabingwa wa kazi hii, tena fainali waliwafunga nyota wa mmoja mmoja, Iga Świątek na Casper Ruud. Nilifurahi kama vile ni ndugu zangu.

Lakini mama hakuuliza kuhusu uzuri wa mchezo, aliuliza kuhusu ugali. Wimbledon ya 2025 ilimlipa bingwa wa mmoja mmoja pauni milioni 3. Mabingwa wa wawili wawili walipewa pauni 680,000 wagawane. Aliyetolewa raundi ya kwanza akicheza peke yake aliondoka na 66,000. Jozi iliyotolewa raundi hiyohiyo ilipata 16,500, yaani 8,250 kila mmoja, mara 8 pungufu. Na hiyo ni Wimbledon. Kwenye mashindano madogo ambako kila mtu huanzia, fedha haitoshi hata nauli, na wa Kisumu analipia safari ya Nairobi kabla hajapanda ndege ya kwenda nje.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kwenye mashindano makubwa jozi huingia kwa kujumlisha nafasi za wachezaji wote wawili, na nyota anaruhusiwa kutumia nafasi yake ya mmoja mmoja. Kwa hiyo asiye na nafasi ya juu hutegemea nafasi ya mwenzake, na mwenzake akiumia au akipata jozi bora, anaanza kutafuta upya.

Angella Okutoyi anatufundisha kitu. Mwaka 2022 alishinda Wimbledon ya wasichana akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa kabisa ya tenisi. Mmoja wa wapinzani walioshindwa nao kwenye fainali ni Victoria Mboko wa Kanada, ambaye mwaka 2025 alitwaa taji la Montreal akicheza peke yake. Wasichana wale wote walikuwa wakicheza kotekote. Okutoyi mwenyewe alikwenda kusoma Auburn, Marekani, na kwenye mechi za vyuo kule pointi 1 kati ya 7 ni ya wawili wawili, 6 zilizobaki ni za mmoja mmoja. Kocha wa chuo anamtafuta anayeziweza zote.

Kwa hiyo sikubaliani na kocha wa binti yule, ingawa kipaji amekiona sawasawa. Miaka 14 ni mapema mno kufunga mlango. Hata Black alicheza peke yake miaka mingi. Nilimwambia mama: wawili wawili iwe chakula chake, lakini asiache kucheza peke yake hadi afike 18, hata kama anafungwa kila wiki. Alinisikiliza, akamtazama binti wavuni, kisha akaniuliza ada ya kuandikishwa kwenye michuano yote miwili ni kiasi gani.