Lubumbashi: kazi za informatiki zinaanzia kwenye kebo

Kila mwaka vyuo vya Lubumbashi vinatoa vijana wenye diploma ya informatiki, na CV zao karibu zote zinafanana: Java, PHP, HTML, yaani lugha za kuandikia programu na tovuti. Kisha wanasema kazi hakuna. Mimi nasema kazi ipo, ila siyo ile waliyofundishwa kuitafuta.

Mji huu unaishi kwa shaba na kobalti. Kuanzia Kipushi hadi Likasi, Fungurume na Kolwezi, kampuni kubwa huja na programu zilizochaguliwa huko makao makuu. Hawatafuti mtu wa kuziandika upya. Wanatafuta wa kuzifanya zitembee kila siku, pamoja na kamera, mtandao na ripoti ya akiba ya bohari.

Chukua kebo ya mtandao. Kutoka swichi (kisanduku kinachounganisha vifaa vya mtandao) hadi kifaa isizidi meta 100. Hilo wengi wanalijua. Lakini sokoni kuna kebo mbili zinazofanana kwa nje: moja ni shaba tupu, nyingine ni alumini iliyopakwa shaba, na hiyo ya pili ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Alumini inazuia umeme kwa karibu mara moja na nusu kuliko shaba. Ukiilisha kamera umeme kupitia kebo hiyo, mchana yote ni sawa. Usiku taa zake za infraredi zikiwaka, kamera inataka wati zaidi, volti zinashuka njiani, inazima, inawaka, inazima tena. Swichi ya kawaida ya PoE, yaani inayopitisha umeme ndani ya kebo ya mtandao, inatoa hadi wati 15.4 kwa kila mlango, na kamera yenyewe inahesabiwa kupata 12.95, nafasi ya kupoteza ni ndogo mno. Fundi asiyejua anabadilisha kamera, halafu swichi, na mteja analipa mara mbili. Anayejua anakwangua waya kwa kisu: weupe ukionekana ndani, tatizo limepatikana. Mtu wa namna hiyo hakai bila kazi.

Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, nayo ni somo. Rauta, swichi na kinasa cha kamera vikitumia wati 120 kwa saa 6, hiyo ni Wh (wati-saa) 720. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 200 ina Wh 2,400, ila ukiimaliza chini ya nusu kila siku inakufa mapema. Zimebaki 1,200, toa asilimia 15 inayopotea kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani), unapata kama 1,000. Inatosha, na akiba ipo. Betri ya gari haifai hapa, kwa sababu imetengenezwa kuwasha mota kwa sekunde chache tu.

Upande wa data, watu wanadharau Excel, na wanakosea. Faili likitoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa linaandika 1,250.75: koma ni ya maelfu, nukta ni ya desimali. Excel yetu ya Kifaransa inatumia koma kwa desimali, hivyo namba hiyo inabaki maandishi, na hesabu ya jumla inairuka bila kutoa onyo lolote. Kwanza ondoa koma zote, kisha badilisha nukta kuwa koma. Ukifuata mpangilio wa kinyume unaharibu faili zima. Anayeyaweza hayo, akaongeza SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) kidogo, ana faida kubwa mbele ya mwenye vyeti vitano vya programu. Kiingereza nacho ni lazima: ujumbe wa hitilafu na vitabu vya vifaa vimeandikwa kwa lugha hiyo.

Kwa wanaotaka kujitegemea, sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inaweka kazi za sous-traitance, yaani zile ambazo kampuni kubwa inazikabidhi kwa kampuni nyingine, mikononi mwa kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongomani. Mlango upo, lakini bila RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa kitaifa) na namba ya kodi hakuna atakayesoma ofa yako. Wawili au watatu wakiungana, mmoja wa mtandao, mmoja wa umeme, mmoja wa data, wanaweza kuanza na duka moja la jumla pale komuni ya Kampemba.

Siku ya kuomba kazi, weka na CV karatasi tatu: mchoro wa mtandao uliouweka, picha ya kabati la vifaa vyake kabla na baada ya kazi, na matokeo ya kupima kila kebo, yakiwa na namba ya kebo iliyobandikwa kwenye ncha zake zote mbili.