Jenerali Aliyegawa Mashamba

Mjadala wa ardhi ukipamba moto barazani hapa Mombasa, hakosi mtu wa kusema: tupewe mwanajeshi mmoja, miaka mitano tu, mambo yatanyooka. Siku hizi mfano wao ni Douglas MacArthur, jenerali wa Marekani aliyeitawala Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mfano ni mzuri, ila wanaoutoa wameushika kwenye makali.

Haki yake tumpe. Alitua Atsugi, uwanja wa ndege karibu na Tokyo, tarehe 30 Agosti 1945, akaweka ofisi Tokyo katika jengo la kampuni ya bima, mkabala na kasri la mfalme. Aprili 1946 wanawake walipiga kura, 39 wakaingia bungeni. Katiba mpya iliandikwa na maofisa wake kwa takriban wiki moja.

Lakini kinachotugusa sisi wa Pwani ni mashamba. Karibu nusu ya ardhi ya kilimo ya Japani ililimwa na wapangaji, wengi wakilipa kodi kwa mpunga wenyewe. Sheria ya Oktoba 1946 ikasema: mwenye shamba asiyeishi kijijini, auzie serikali lote, anayeishi hapo abaki na takriban hekta moja ya kukodisha, isipokuwa kisiwa cha Hokkaido walikoachiwa zaidi; serikali nayo ikawauzia wapangaji. Bei ikagandishwa, mfumuko wa bei ukaitafuna, na matajiri wakajikuta wameuza kwa bei ya kutupa. Kufikia 1950 ardhi iliyolimwa kwa kukodi ilikuwa imebaki kama asilimia 10.

Huku kwetu Kisauni, mtu ana kuta na mabati, ardhi si yake. Tunaiita nyumba bila ardhi, na tumeizoea hata haitushangazi. Mwisho wa mwezi anakuja wakala na kijitabu chake cha risiti kudai kodi ya kiwanja; mwenye kiwanja mwenyewe sura yake haijulikani. Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, hati zilitolewa 2016, na walioishi pale wakaambiwa walipie.

Basi tutafute jenerali? Mimi nakataa. Maofisa wa kilimo wa Japani walikuwa wakiyataka mageuzi hayo tangu kabla ya vita, na wenye mashamba wakiwakwamisha. Nguvu ya MacArthur ilikuwa moja: hakuwa na shemeji mwenye shamba. Wetu angekuwa nao wangapi? Na yeye huyo huyo aliyakagua magazeti, hata kuandika kwamba yanakaguliwa ikawa marufuku. Wafanyakazi walipopanga mgomo mkuu wa tarehe 1 Februari 1947, akaupiga marufuku.

Tena alikuwa na bosi. Aprili 1951, wakivutana juu ya vita vya Korea, Rais Truman alimfuta kazi, naye akafunga virago akaenda zake. Jenerali wa kuotwa barazani, nani atamfuta kazi?

Ukaliaji wa Marekani nchini Japani uliisha Aprili 1952. Bunge la Japani, sasa likiwa huru, lingeweza kuwarudishia matajiri mashamba yao. Mwaka huo huo likapitisha sheria ya kuyalinda mageuzi, kwa kura za wabunge waliochaguliwa na wakulima wenye hati mkononi.