Je, Microsoft ndiyo iliyoiua Rare?

Kila inapotajwa Rare, studio ya michezo ya video iliyoko Twycross, katikati ya Uingereza, wapenzi wake wa zamani huwa wameshatoa hukumu: Microsoft iliinunua mwaka 2002 kwa dola milioni 375, kisha ikaizima. Hukumu hiyo haikosi ushahidi, ila inaanza kusoma kesi katikati.

Ndugu wawili, Tim na Chris Stamper, waliianzisha Rare mwaka 1985 baada ya kujipatia jina kwa michezo ya kompyuta ya ZX Spectrum. Nintendo, kampuni ya michezo ya video ya Japani, ilinunua sehemu ya hisa zake, ambazo hatimaye zilifikia asilimia 49, na ushirikiano huo ndio uliozaa GoldenEye 007, mchezo uliotokana na filamu ya James Bond, mwaka 1997. Mchezo huo ulitoka takriban miaka miwili baada ya filamu yenyewe. Wengi wa waliouunda hawakuwa wamewahi kutengeneza mchezo wowote, na ile sehemu ya watu wanne kuwindana kwenye skrini moja, ambayo ndiyo iliyowakesha vijana, ilipachikwa dakika za mwisho. Ni vigumu kuona kampuni kubwa ya leo ikivumilia kazi ya namna hiyo.

Hata hivyo, Martin Hollis, aliyeuongoza mradi huo, aliondoka mwaka 1998, na mwaka uliofuata wenzake kadhaa wakaanzisha studio ya Free Radical Design. Microsoft ilikuwa bado haijabisha hodi. Zaidi ya hayo, Nintendo, ambayo ilikuwa na nafasi ya kuimiliki Rare yote, iliamua kuuza hisa zake, jambo ambalo wanaolaumu hulipita kimyakimya.

Kameo, mchezo mwingine wa Rare, inaonyesha ugumu wa kumtafuta mkosaji mmoja. Ilianza ikikusudiwa GameCube, mashine ya michezo ya Nintendo, ikahamishiwa Xbox ya Microsoft, na ilipotoka mwaka 2005 ilikuwa ya Xbox 360. Kazi inayohamishwa mashine mara mbili itapoteza muda hata mikononi mwa mafundi hodari.

Pale ambapo lawama inaishika Microsoft barabara ni kwenye kipindi cha Kinect, kamera ya Xbox iliyofuata miendo ya mchezaji, kuanzia mwaka 2010, ambapo studio iliyosifika kwa ubunifu ilielekezwa kutengeneza michezo ya kurusha mikono mbele ya kamera. Kinect Sports iliuzika sana, ndiyo, lakini kuuzika hakukuwa ndiyo sifa iliyofanya Rare inunuliwe kwa bei ile.

Kwa upande mwingine, Sea of Thieves, mchezo wa Rare wa maharamia, ilipotoka mwaka 2018 ililalamikiwa kwamba ina mambo machache mno ya kufanya. Microsoft ilikubali kugharimia maboresho ya miaka mingi, hadi ikavuta makumi ya mamilioni ya wachezaji. Nadhani studio inayojitegemea ingefunga milango kabla ya kufika huko. Subira hiyo haikuifikia Everwild, mchezo mwingine wa Rare: ilitangazwa mwaka 2019 na kufutwa mwaka 2025 bila kumfikia mchezaji hata mmoja, na kwa hili hakuna Nintendo wala ndugu wa Stamper, waliokwisha ondoka mwaka 2007, wa kugawana nao lawama.