Siku 79 alafu siku 4: akiba ya chanjo ni hasara kweli?

Kila bajeti ya afya ikijadiliwa lazima atokee mtu aulize, kwa nini tufungie hela stoo tukisubiri ugonjwa ambao haujaja wakati zahanati haina hata panadol? Swali lina haki yake na silibezi hata kidogo, watu wameshaumia. Kenya 2020 KEMSA, shirika la serikali linalonunua dawa na vifaa vya hospitali, ilinunua vifaa vya korona vya kama shilingi bilioni 7.8 kwa bei ya juu, bei sokoni ikashuka, mzigo ukabaki bohari. Uingereza nao, kwenye barakoa na magauni ya pauni bilioni 12.1 ya mwaka wa fedha 2020/21, walifuta thamani ya bilioni 8.7 vitabuni. Anayesema hapo kuna mwanya wa upigaji hajaota.

Ila angalia hela yenyewe ilitoka lini. Zote hizo zilinunuliwa nyumba ikiwa inaungua, dunia nzima iko sokoni inagombea glovu zilezile. Yaani hasara tunayoitupia akiba ni hasara ya kutokuwa na akiba ya kutosha.

Sasa twende Uganda, maana hii kesi mimi hainitoki kichwani. Tarehe 20 Septemba 2022 inatangazwa Ebola aina ya Sudan, wilaya ya Mubende, na aina hiyo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Chanjo za majaribio zilikuwepo duniani, lakini nyingi hazijajazwa hata kwenye vichupa. Dozi za kwanza, 1,200, zimetua Entebbe tarehe 8 Desemba. Hesabu mwenyewe, siku 79. Mgonjwa wa mwisho alisharuhusiwa 30 Novemba, hakuna wa kuchanjwa tena, na kati ya watu 142 waliothibitishwa 55 walishazikwa.

Baada ya pale dozi za majaribio zikawekwa Kampala, zaidi ya 2,000, kwenye friza za baridi kali. Miaka miwili umeme unalipwa na hakuna anayeumwa, hapo mkaguzi angeuliza na angekuwa sahihi kuuliza. Tarehe 30 Januari 2025 ugonjwa unatangazwa tena, amekufa muuguzi wa hospitali ya Mulago, Kampala, na tarehe 3 Februari watu wanachanjwa. Siku 4! Safari hii wagonjwa walikuwa 14, waliokufa 4. Sisemi ni chanjo ndo iliyozuia, wagonjwa walikuwa wachache mno kuthibitisha hilo na ufuatiliaji wa waliogusana nao ulifanya kazi kubwa. Ila zile siku 75 katikati zilinunuliwa na friza.

Kuna wanaosema chanjo za akiba zitaisha muda, na ni kweli zinaisha, Malawi Mei 2021 walichoma dozi 19,610 za AstraZeneca, lakini zile zilifika Machi 26 zikiwa zinaisha muda Aprili 13, hata hazikupata nafasi ya kuwa akiba. Glovu na dripu unazizungusha, zinazokaribia kuisha zinaenda hospitali za wilaya, mpya zinaingia stoo. Chanjo ya Ebola huwezi kuizungusha, hiyo unakubali kabisa huenda ukaitupa, ndo maana mimi naona bili ya friza isiachiwe Uganda peke yake, mabasi ya Nairobi, Kigali na Juba yanatoka Kampala kila siku.