Tairi pana kwenye pikipiki ya 125: Mwanza inalipa wapi?

Pikipiki ya cc 125 ikitoka mwaloni Igombe na magunia mawili ya dagaa, tairi yake ya 3.00-18 (upana inchi 3, rimu inchi 18) haiendi, inachimba. Dereva anashuka, anaacha gia ya kwanza ivute huku anasukuma, na harufu ya klachi inamfuata mpaka kwenye udongo mgumu. Ukiiona hali hiyo huwezi kumcheka kijana anayetaka kuivalisha pikipiki yake tairi nene. Ila jioni pikipiki ileile inapanda mawe ya Igogo au Mabatini ikiwa na abiria, na huko hesabu inabadilika. Mabishano ya vijiweni kuhusu tairi pana na mtindo wa traka kwa kawaida yanaishia kwenye sura ya pikipiki. Swali lenye faida zaidi ni hili: tairi hiyo itatembea wapi, na injini ya kuisukuma ina nguvu kiasi gani?

Mitindo yenyewe ni miwili, na hapa kwetu huwa inachanganywa. Wa kwanza umetoka Japani. Yamaha ilitoa TW200 mwaka 1987, injini ya cc 196, tairi ya mbele 130/80-18 (upana milimita 130, rimu inchi 18) na ya nyuma 180/80-14, pikipiki ya mashambani na ya mchangani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wa mjini kule waliigeuza pambo, hasa baada ya nyota wa tamthilia ya televisheni ya mwaka 2000 kuonekana akiiendesha. Wakang'oa madigadi, wakarefusha mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, wakaacha katikati ya fremu wazi. Mtindo wa pili, ndio traka, ni wa Marekani, kwenye mbio za mzunguko juu ya udongo, zile ambazo Harley-Davidson XR750 ya mwaka 1970 ilijijengea jina. Rimu inchi 19 mbele na nyuma, usukani mpana, siti fupi yenye mkia, na breki ya mbele hakuna. Traka ya barabarani ni sura hiyohiyo iliyoongezewa breki, taa na namba.

Hizo zote zilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, bila mzigo. Tofauti hii ndiyo inayosahaulika kwanza.

Upande wa faida kuna jambo moja zito, nalo linaelezwa vibaya kila siku. Kinachoifanya tairi ielee mchangani ni zaidi upepo mdogo, si upana wenyewe. Chukua kilo 150 juu ya gurudumu la nyuma. Ukijaza upepo psi 32, tairi inakanyaga eneo la sentimita za mraba kama 67. Ukishusha hadi 20, eneo linakaribia 107. Tairi nyembamba ukiishusha hivyo, rimu inagonga jiwe na tyubu inakatwa matundu mawili sambamba kama imeumwa na nyoka. Tairi nene ina nyama ya kutosha kati ya rimu na ardhi, kwa hiyo inavumilia. TW200 yenyewe inatoka kiwandani na psi 18 mbele na 22 nyuma. Lakini magunia mawili ya dagaa yanadai upepo urudishwe juu, na ukishaurudisha, nusu ya faida uliyoinunua imeondoka. Kwa mtu anayetembea bila mzigo kati ya Luchelele na Nyegezi, tairi pana ni neema. Kwa mbeba dagaa ni nafuu ndogo kuliko anavyoambiwa dukani.

Upepo mdogo una adha nyingine. Tairi inateleza juu ya rimu kidogo kidogo kila unapovuta mafuta au kukanyaga breki, tyubu inaburutwa nayo, mwisho valvu inang'oka shinani. Dalili yake inaonekana kwa macho: valvu inalala upande badala ya kusimama wima. Ukiiona imelala, toa upepo wote, irudishe tairi mahali pake, kisha jaza upya. Fundi anayekaza nati ya valvu mpaka kwenye rimu anadhani anaidhibiti, kumbe anaizuia isilale ili ikatike bila kuonya. Iache nati hiyo juu, karibu na kifuniko.

Sasa twende kwenye vipimo, maana ndipo pesa inapotea. Pikipiki nyingi za Kichina hapa mjini zina injini ya ukoo wa Honda CG125, rimu inchi 18 na cheni 428. Tairi ya nyuma ya 3.00 ina upana wa karibu sentimita 8. Ya 4.10-18, ileile ya Yamaha DT125, inazidi sentimita 10 kidogo. Ya 4.60 inakaribia 12, na 130/80-18 ni 13 kamili. Rimu iliyokuja na pikipiki kwa kawaida ina upana wa inchi 1.85. Tairi ya 4.10 inaikubali hiyo, japo 2.15 ni bora, 4.60 inataka 2.15 kwenda juu, na 130/80 isipopata 2.50 imeonewa. Tairi nene ukiibana kwenye rimu nyembamba, mgongo wake unachongoka kama yai, inakanyaga katikati tu, na kwenye kona ukuta wake unayumba. Umenunua sentimita 13, unatumia 6.

Kabla ya kununua chochote, pima nafasi ndani ya mkono wa nyuma pale tairi itakapokuwa pana zaidi, usipime kwenye ekseli. Sogeza gurudumu mbele kabisa kwenye vidude vya kukazia cheni, maana huko ndiko linakobana. Acha milimita 8 hadi 10 kila upande. Kulia angalia fimbo ya breki na kile chuma kinachozuia ngoma isizunguke. Kushoto angalia cheni. Ya 4.10 mara nyingi inapita bila kugusa kitu. Kuanzia 4.60 cheni inaanza kulamba tairi, na hapo mafundi wengine hukimbilia kuweka washa (pete ya chuma) nyuma ya sproketi ya mbele. Kwenye CG haiwezekani: sproketi hiyo inashikwa na kibati kinachoingia kwenye mfereji wa shafti, ukiisogeza nje kibati hakipati mfereji. Lazima mchongaji atengeneze sproketi yenye shingo, na ya nyuma isogezwe kwa kiasi kilekile. Zikitofautiana hata milimita 3 tu, meno yanaliwa upande mmoja na cheni mpya inaisha mapema. Uzi uliovutwa kutoka sproketi ya nyuma hadi ya mbele unaonyesha kosa hilo kwa dakika moja.

Tairi kubwa vilevile ni gia ndefu, yaani injini inavuta kwa shida zaidi. Kutoka 3.00-18 kwenda 130/80-18 mzunguko unapanda kutoka mita 1.92 hivi hadi 2.09, karibu asilimia 9. Breki ya ngoma nayo inapoteza kiasi hichohicho cha kushika, kwa sababu gurudumu limerefuka na ngoma ni ileile. Hapa Mwanza kuna makato mengine yasiyoonekana. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa asilimia kama 10. Injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza nguvu karibu kiasi hicho kabla hujafungua hata bolti moja. Ndiyo maana pikipiki inayosifiwa Dar es Salaam inakoroma kwenye kilima cha Bugando. Dawa ni sproketi: ya mbele kutoka meno 15 kwenda 14 inarudisha asilimia 7, inatosha kabisa kwa tairi ya 4.10 inayoongeza kama 5. Kwa 130/80, ya nyuma itoke 42 iende 46. Mbele ukiweka tairi kubwa, spidomita inayoendeshwa na gurudumu hilo itadanganya: inasoma 50, wewe uko 54.

Kwenye kabureta mwinuko huohuo unakusaidia. Wanaofungua katikati ya fremu hutupa boksi la chujio na kuweka chujio dogo la mdomo wazi, kisha wanaongeza jeti (kitundu cha kupitisha mafuta) kwa kufuata video za watu wa pwani. Hewa ya huku tayari imeacha mchanganyiko na mafuta mengi. Panda hatua moja, endesha, toa plagi, itazame. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, ishia hapo. Ikiwa nyeusi ya masizi, rudi chini. Na chujio la wazi lisilo na madigadi mbele yake, msimu wa mvua, linakunywa matope.

Mtego wa bei rahisi ni tairi ya toyo. Ya 5.00-12 ni pana, ngumu, inapatikana kila duka la spea, na ikisimama inapendeza kweli. Ila imetengenezwa kwa chombo cha magurudumu matatu kisicholala kwenye kona. Mgongo wake ni bapa. Pikipiki ikianza kulala inapanda juu ya ukingo, inagoma, halafu inaanguka ghafla upande wa pili wa huo ukingo. Hakuna ufundi wa kurekebisha hilo.

Kurefusha mkono wa nyuma kuna watetezi wenye hoja. Gurudumu likirudi nyuma, mbele panakuwa pazito, na kwenye mawe ya mlimani pikipiki hainyanyui pua. Kwa sentimita 10 cheni inaongezeka pingili 16, kwani inapita juu na chini. Shokapu zikibaki zilipokuwa, gurudumu linapata wenzo mrefu zaidi juu yake na springi zinalegea kama za pikipiki chakavu. Beba abiria mnene uone. Welding nayo: bomba lililounganishwa ncha kwa ncha hukatika pembeni ya mshono, pale chuma kilipounguzwa, na si kwenye mshono wenyewe. Bila bomba la ndani lililoingia sentimita 5 kila upande, na kikato cha mshazari, kazi hiyo ikataliwe.

Usukani wa traka wa milimita 800 unatoa nguvu ya kukata kona kwenye changarawe, na unakwama kati ya daladala mbili pale Buhongwa. Ukishauweka, zungusha kushoto na kulia mpaka mwisho injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kuvutwa mafuta. Mngurumo ukipanda wenyewe, waya wa mafuta ni mfupi, na siku moja utakuvutia mafuta katikati ya kona.

Halafu kuna kukata nyuma ya fremu ili siti fupi ikae. Hapa mizani inaelemea upande mmoja. Pikipiki ya mkataba si yako mpaka hesabu ya mwisho ilipwe, na hakuna tajiri atakayefurahia kuiona haina keria. Hata ikiwa yako, siti ya mtu mmoja haileti hesabu, na siku ya kuiuza mnunuzi wa kijiweni anahesabu gharama ya kurudisha chuma. Ukibadili rangi au injini, kadi ya TRA nayo irekebishwe. Askari akikuta namba ya injini haifanani na kadi, maelezo yako yatakuwa marefu. Bima ndogo haikulipii pikipiki yako ukianguka, iwe na tairi nene au nyembamba.

Kinachobaki chenye akili kwa Mwanza ni kidogo kuliko picha zinavyotamanisha: 4.10-18 nyuma kwenye rimu ya 2.15 iliyosukwa juu ya habu ileile (hesabu matundu, mengi ni 36, usije ukanunua rimu ya 32), mbele ibaki tairi ya kawaida yenye meno ya kati, sproketi ya 14, usukani upanuliwe kidogo, madigadi yafupishwe bila kung'olewa. Siti ya traka itengenezwe kwa kukaa juu ya bolti za siti ya zamani, ili Jumapili ivaliwe ya starehe na Jumatatu irudi ya abiria, keria na zote. Kazi ya kubadilisha ni bolti nne na spana namba 12, na pampu ya mkono ifungwe chini ya siti, kwa ajili ya psi 20 za Igombe na 30 za Mabatini.